Mlango wa Ningu

Kwa miaka ishirini na saba Hedwiga ameamka saa kumi alfajiri kwenda kukata samaki wasio wake. Anatoka Rosettenville kwa teksi ya kwanza, anashuka mjini, anatembea mitaa mitatu mkoba ameubana kwapani, anapanda teksi ya pili hadi Kensington, na kabla ya saa moja amekwisha kuvaa buti za mpira na aproni, yuko mbele ya meza ya chuma katika duka la Mreno mmoja mzee. Ukimwuliza hali atakuambia nzuri, tunashukuru. Hatakuambia kwamba magoti yamekwisha, wala kwamba vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki tena kwa ajili ya barafu. Miaka sitini na miwili si mchezo, na barafu haina huruma na mtu mzima.

Alifikaje Johannesburg? Kwa mapenzi, kama wengi waliojiponza. Alikuwa msichana wa jikoni Mazimbu, kule Morogoro, wakati wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipokuwa na shule yao pale, na kati ya waliopanga foleni na sahani mkononi alikuwamo Sipho, mrefu, mcheshi, mwenye Kiswahili cha kuchekesha. Uhuru ulipokaribia, mwaka tisini na mbili, Sipho akarudi kwao na mke wa Kihaya na mtoto mmoja. Sipho sasa ana miaka mitatu kaburini. Mtoto, Beatha, anaishi Alexandra kwa ndugu za baba yake. Kiswahili anakielewa chote, lakini ukimsemesha atakujibu kwa Kiingereza. Hedwiga alikwisha kuacha kugombana naye juu ya hilo.

Kila mwaka alisema mwaka huu nitakwenda nyumbani, na kila mwaka hakwenda. Nauli, alisema. Ruhusa kazini. Sipho anaumwa. Hata baba yake alipofariki, mwaka tisini na sita, alituma pole na kuomba radhi, na watu wa Bukundo, kijijini kwao, wakamsamehe, maana walijua Afrika Kusini ni mbali. Mimi nitasema badala yake: umbali haukuhusika. Kilichomzuia kilikuwa mto mdogo, upana wake kama barabara, unaopita chini ya shamba la baba yake na kwenda kumwaga maji katika Mto Kagera.

Alhamisi moja ya Septemba mdogo wake alipiga simu. Maji yalikuwa yamekatika Rosettenville siku ya tano, na Hedwiga alikuwa kwenye foleni ya lori la maji na ndoo mbili, siku yake ya mapumziko ikiishia hivyo. Barnabas ndiye kitindamimba wa nyumba yao, ana miaka hamsini na sita, naye ndiye aliyebaki pale mtoni akivua kwa migono, ile mitego ya kusukwa kama kikapu, kama baba yao alivyovua. Huwa hapigi simu bure. Alimwamkia, akamwuliza hali, akamwuliza Beatha, kisha akamweleza.

Ningu wamekwisha. Si habari mpya, lakini mwaka jana kikundi cha kusimamia uvuvi kiliweka watu mtoni msimu mzima wawahesabu, na samaki waliopanda kutoka ziwani kwenda kutaga walikuwa thelathini na mmoja. Enzi za baba yao walipanda mpaka maji yakawa yanachemka. Basi vijiji vyote, vya chini na vya juu, vimekaa na bwana samaki wa wilaya na kukubaliana jambo ambalo halijapata kukubaliwa kwa nusu karne. Nyavu zote za mdomoni mwa mto zitoke. Nyuzio za watu binafsi zing'olewe. Ubaki uzio mmoja tu wa matete, wenye mlango mmoja katikati, kama ule wa baba. Mvua za vuli zikianza, mlango ukae wazi bila mgono ili ningu wenye mayai wapite kwanza, halafu ndipo ufungwe na watu wavue.

Kilichobaki kubishaniwa ni siku. Watu wa juu wanasema desturi ilikuwa siku tisa. Barnabas anasema nne. Bwana samaki, kijana mwenye adabu, alisema yeye hataki kuwaletea hesabu ya kitabuni. Atafuata desturi ya mto huo, ila apatikane mtu aliyewahi kuukalia mlango wenyewe. Wazee wakahesabiana, wakakuta wote wamekufa. Amebaki mmoja tu, naye yuko Johannesburg anakata samaki wa Wazungu. Mkutano ni Jumamosi, katibu atampigia simu, na simu itawekwa sauti kubwa ili wote wasikie.

"Wewe sema nne tu, dada," Barnabas alimwambia. "Nne ndiyo ya baba. Niliona kwa macho yangu."

Hedwiga alimwuliza aliona mwaka gani, ingawa alijua.

"Mwaka wa kipaimara chako. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Siku ya nne migono ilikuwa mlangoni."

Barnabas alikuwa na sababu mbili, na ya kwanza ilikuwa tumbo. Msimu ni mfupi, na kila siku ambayo mlango uko wazi ni siku ambayo yeye na wenzake wanakaa ukingoni wakitazama chakula kikipita. Lakini hiyo hakuitaja sana. Ya pili ndiyo iliyomtoa sauti. Watu wa juu, kila wanapogombana nao, husema baba yao aliufunga mlango siku ya nne kwa tamaa, akawaibia samaki wao, akavunja mto. Barnabas amepigania jina la baba yake tangu shule ya msingi. Jino moja la mbele liliondoka kwa ugomvi huo. Desturi ikithibitishwa kuwa tisa, baba alikuwa mwizi. Ikiwa nne, baba alifuata desturi na waliomsema walimwonea.

"Nimechoka, dada," alisema. "Miaka hamsini naitwa mtoto wa mwizi. Nimechoka kweli."

Hedwiga akasema amesikia. Zamu yake ikafika, akakinga ndoo zake, akazibeba kwa vituo hadi nyumbani, na jioni hiyo hakula.

Sasa niseme kilichotokea, maana hapo ndipo mambo yote yalipo. Mwaka sabini na tano Hedwiga alikuwa na miaka kumi na miwili. Shangazi yao alifariki Muleba, baba na mama wakaenda msibani, na mvua ikaanza siku hiyohiyo waliyoondoka. Baba alimwachia Hedwiga mlango. Maagizo yalikuwa rahisi. Maji yakigeuka mekundu, anza kuhesabu. Kaa kibandani mchana, usimruhusu mtu yeyote kuweka mgono. Siku tisa. Na hata zikitimia tisa, kama hujaona wale wembamba wakirudi chini, walioshataga, usifunge, ongeza. Alimrudishia maneno hayo mara tatu, kisha akaondoka.

Hedwiga alikaa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kibanda kilivuja. Mbu walikuwa mbu. Kwenye maji aliwaona ningu wakipita mlangoni migongo ikiwa juu, wamejaa mayai, wakisukumana, na mwanzoni aliwapenda, ila hata uzuri huchosha ukiwa na njaa. Na Jumapili, siku ya tano, Askofu alikuwa anakuja parokiani kutoa kipaimara. Gauni lake lilikuwa limeshonwa. Wenzake wote walikuwa wanakwenda, na Askofu alikuwa haji kila mwaka. Angefanya nini? Mlango ukiachwa wazi bila mlinzi, wezi wangetega humo. Ila mgono ukiwamo hakuna anayegusa, maana kila mtu anauogopa mgono wa mwenziwe. Mtoto akaona amepata akili. Jumamosi jioni akaweka migono miwili ya baba yake mlangoni, akaifunga vizuri, akaenda kuoga. Kesho yake akapakwa mafuta matakatifu, akaitwa askari wa Kristo.

Aliporudi, migono ilikuwa imejaa mpaka imepasuka ubavuni, na nyuma yake mto umejaa ningu waliogonga uzio wakafa. Mayai yalielea juu ya maji kama uji uliomwagika. Jumatatu baba alirudi. Jumanne watu wa juu wakashuka, wazee saba, kuuliza kwa nini kwao hakufika samaki. Baba akawaambia yeye ndiye aliyerudi usiku mmoja akaufunga mlango. Wakamnyang'anya ulinzi wa mlango mbele ya kijiji kizima. Lakini hakupatikana mwingine wa kuaminiwa, kila mtu akajenga uzio wake, nyavu za nailoni zikaja, na kidogo kidogo ningu wakakoma.

Sisemi kwamba Hedwiga ndiye aliyewamaliza. Walikatiwa mafunjo, walilimiwa mpaka ukingoni, walivuliwa mdomoni na watu ambao hata jina lake hawalijui. Mtaalamu yeyote atakuambia msimu mmoja hauui mto. Lakini dhamiri haisomi ripoti za wataalamu. Aliwahi kulisema kitubioni, kanisani Rosettenville, na padri akamwuliza kama samaki wale walikuwa mali ya mtu, akampa Salamu Maria tatu. Hedwiga alizisali. Hazikufika popote.

Ijumaa alikuwa kazini. Mamie, Mkongo wa Lubumbashi ambaye wamesimama naye meza moja miaka tisa, alimtazama akasema, "Mama, leo uko unakata kama mutu wa kulala," akamnyang'anya kisu kikubwa akampa kazi ya kupanga barafu. Mchana akaingia mama mmoja wa mtaani pale, mteja wa kila wiki, mwenye kadi ndogo ya kumwongoza mtu anunue samaki gani. Kadi hiyo ina rangi za robot, zile taa za barabarani: kijani nunua, manjano fikiri, nyekundu acha. Aliuliza samoni ile imetoka wapi. Hedwiga akamsomea boksi: imefugwa, Norwei. Yule mama akafurahi, akaanza kumweleza, kwa upole wa mtu mwenye nafasi, kwamba samoni wa porini hupanda mito kutaga kulekule walikozaliwa, na kwamba nchi nyingine watu hukaa kando ya mto wakiwahesabu mmoja mmoja wakipita. Idadi isipotosha, uvuvi unafungwa, hata kama wavuvi wana njaa. Akauliza kama Hedwiga alikuwa anajua.

Hedwiga akamjibu ndiyo, alikuwa anajua. Akamfungia kilo moja na nusu.

Usidhani maneno ya mteja yalimgeuza moyo. Yalimwongezea uchovu tu. Ndani ya teksi ya kurudi, amebanwa dirishani, alijizoeza kusema nne. Alilisema kimoyomoyo kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Nne ingempa Barnabas amani. Nne ingemtoa baba lawamani. Na nani angemkana? Waliojua wamekufa, naye yuko maili elfu na zaidi. Lakini kila alipofika mwisho wa sentensi aliwaona wale thelathini na mmoja wakipanda mtoni, na siku ya tano mgono ukishuka mbele yao. Bwana samaki ataiandika nne kwenye karatasi, itapigwa muhuri, itaitwa desturi. Kosa la mtoto wa miaka kumi na miwili litakuwa sheria ya mto, na litawamalizia waliobaki. Siku za mwizi ni arobaini, wanasema. Zake zilikuwa zimefika miaka hamsini na bado alikuwa anaombwa aibe tena.

Jumamosi saa sita mchana simu ililia. Alikuwa amemwomba Mamie amshikie meza, na Mamie hakuuliza kitu, alimwambia tu, "Enda mama, miye niko." Hedwiga akaingia chumba cha nyuma, penye mashine ya barafu na harufu ya magamba, akakaa juu ya kreti.

Aliyepiga alikuwa Zuhura, katibu wa kikundi, msichana mwenye sauti ya mwalimu. Alimwamkia, akamwita Ma Hedwiga, akamjulisha waliopo: wazee wa chini, wazee wa juu, bwana samaki, akina mama wachuuzi, na Barnabas kaka yetu. Kisha akauliza bila kuzunguka. Enzi za mzee wao, mlango ulikaa wazi siku ngapi?

Hedwiga alisikia mtu akikohoa, akakijua kikohozi kile, ni cha Barnabas tangu utoto, akiwa na hofu hukohoa.

"Tisa," alisema.

Upande wa watu wa juu ukavuma. Zuhura akawatuliza. Kisha Hedwiga akaomba wamsikilize mpaka mwisho, kwa sababu akikatizwa hatarudia.

"Tisa, na zikitimia tisa unaangalia kama wembamba wanarudi. Wasiporudi unaongeza. Hiyo ndiyo desturi ya baba yangu, na hakuivunja hata mara moja. Mwaka ule hakuwapo, alikuwa msibani Muleba. Aliyefunga mlango siku ya nne ni mimi. Nilitaka kwenda kipaimara. Baba aliwaambia ni yeye, na mimi nikamwacha aseme."

Hakulia. Alieleza kibanda, maji mekundu, gauni, migono miwili. Alieleza kama mtu anayetoa ushahidi wa ajali aliyoiona kwa mbali, na sauti yake ilikuwa imechoka kiasi kwamba hata yeye aliishangaa. Alipomaliza, mzee mmoja wa juu, ambaye hakumjua kwa sauti, alisema polepole kwamba yeye alikuwa kijana aliyewabebea wazee miavuli Jumanne ile. Aliona walivyomvua mzee yule heshima. Akasema kama ni hivyo, watu wa juu wana deni la kuomba radhi, naye ataanza. Bwana samaki akauliza kama iandikwe siku tisa na kuongeza. Hakuna aliyepinga. Zuhura akarudia kwa sauti huku akiandika.

Hedwiga alingoja kusikia kikohozi. Badala yake alisikia kiti kikisukumwa, hatua, mlango, kisha upepo. Simu ilikuwa imetolewa nje.

"Baba alijua?" Barnabas aliuliza.

Angeweza kudanganya hapo pia. Angesema hapana, hakujua, alidhani ni wezi, na ingekuwa nafuu kwao wote wawili. Alikuwa amechoka mno kutunga kitu.

"Alijua. Mimi natumia mkono wa kushoto, fundo langu huzunguka upande mwingine. Aliporudi Jumatatu alisimama kwenye maji akayatazama yale mafundo, akanitazama mimi. Akayafungua yote, moja moja, akayafunga upya kwa mkono wake. Watu wa juu walipokuja Jumanne walikuta mafundo yake."

"Na wewe ulikuwa wapi walipokuja?"

"Jikoni. Nilisikia kila neno."

Hedwiga alijua anachowaza mdogo wake, maana ni kitu kilekile alichowaza yeye kila siku: kwamba baba yao aliishi miaka ishirini na mmoja baada ya hapo, akipita njiani watu wakimnong'ona, akila meza moja na binti yake mpaka binti akaenda Morogoro, na hakumwambia hata mara moja kwamba anamdai. Na binti naye hakumwambia hata mara moja asante, wala samahani, wala hakuja kumzika.

"Nilipigana kwa ajili ya nne," Barnabas alisema. "Nimewapiga watu, dada. Wanangu nimewafundisha nne."

Hedwiga akasema anajua.

Kisha sauti ya mdogo wake ikawa kavu, bila hasira aliyokuwa ameitegemea, na hilo lilimuuma zaidi.

"Ukija, usianzie kwangu. Nenda kwanza kaburini kwa baba, umwambie yeye, kwa mdomo wako. Ukimaliza kaa palepale. Nitakuja kukuchukua mwenyewe."

Hedwiga akasema sawa, ndugu yangu. Simu ilipokatika alikaa juu ya kreti akamlilia baba yake kwa sauti, kilio ambacho alipaswa kukilia miaka ishirini na tisa iliyopita, na Mamie akausogeza mlango wa nyuma ukafungika, akarudi mezani kuwaambia wateja wasubiri kidogo.